Jinsi ya Kumpima Mrithi Kabla ya Kumzika Mzee

Una duka la steshenari Singida Mjini, au unanunua alizeti kwa wakulima na madeni yao yote yamo kwenye programu ambayo fundi alikuwekea zamani. Kompyuta sasa inakoroma, na kila anayepita anakushauri ununue mpya: prosesa yake itaelewa kila kitu cha zamani. Usitoe hela bado. Muuzaji ana haki ya kumpigia debe mrithi. Wewe ni msimamizi wa mirathi, na kazi yako ni kuuliza maswali yanayochosha.

Anza na nasaba. Prosesa ya kompyuta ya mezani, iwe ya Intel au AMD, ukoo wake unaanzia kwenye 8086 ya mwaka 1978. Ukoo huo umeshika wosia: 80286 ya 1982 iliendesha programu za mtangulizi wake, na 80386 ya 1985 ikaleta biti 32 bila kuwafukuza wazee. Mwaka 2001 Intel ilijaribu ukoo mpya, Itanium, ambao ulizisoma programu za zamani kwa kujikokota. AMD ikajibu mwaka 2003 kwa kuurefusha ukoo uleule hadi biti 64, na Intel yenyewe ikalazimika kufuata njia hiyo. Watu walitaka mashine mpya, lakini kazi yao iendelee palepale ilipofikia jana.

Basi mrithi wa namna hii ana faida? Anayo, tena kubwa, hasa kwa mtu wa mtaji mdogo. Bei ya kompyuta unailipa siku moja. Kumfundisha upya karani anayeijua programu kwa vidole, na kuhamisha madeni ya misimu kadhaa bila kumdhulumu mkulima hata mmoja, ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji.

Lakini mrithi asikuponze kwa jina la ukoo. Prosesa inaweza kuushika wosia na Windows ikauchana. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, ingawa lugha ya prosesa ni ileile. Kwa hiyo beba flashi yenye programu yako na nakala ya data, nenda dukani, omba mashine iwashwe mbele yako, fungua akaunti ya mteja mmoja na uchape risiti yake. Taka risiti, maana ukurasa wa majaribio hutoka vizuri kila mara! Kama printa yako ni ya waya mnene wenye pini 25, uliza waya huo utachomekwa wapi. Muuzaji akinuna, mnunulie chai. Na kama programu ni ya enzi za DOS, mwambie fundi ajaribu kwanza DOSBox, ambayo ni ya bure.

Anayetengeneza vifaa vya umeme ana mtihani mwingine. Prosesa ya Z80 ya kampuni ya Zilog, kazi ya Federico Faggin na wenzake, ilitoka mwaka 1976 ikiwa na uwezo wa kuendesha programu za 8080 ya Intel. Mwaka 2024 Zilog ikatangaza kuacha kuitengeneza ile ya asili, oda za mwisho zikawa tarehe 14 Juni. Mrithi yupo, eZ80: anaelewa lugha yote ya mzee, ana kasi zaidi, na anafikia kumbukumbu ya megabaiti 16 pale mzee alipoishia kilobaiti 64. Ila Z80 ina miguu 40 na mrithi haingii kwenye soketi hiyo. Tena programu iliyopima muda kwa kuhesabu mizunguko itamaliza kuhesabu mapema mno, na mashine ikafanya kazi yake kabla ya wakati. Unaunda bodi mpya na unataka kutumia programu ya zamani? Mchukue eZ80. Unafufua bodi iliyokufa? Tafuta Z80 halisi.

Tanzania imeyaona haya mapema. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965, wakati kampuni hiyohiyo ya ICT ilikuwa imekwishatangaza familia ya 1900 yenye lugha tofauti kabisa.

Kama kazi yako ni kuchapa barua na kutoa fotokopi, ruka yote haya, nunua inayowaka haraka. Lakini kama una madeni ya watu mle ndani, ziendeshe mashine zote mbili msimu mzima wa alizeti, na ya zamani usiiuze mpaka hesabu zilingane hadi shilingi ya mwisho.