Paka wa Kabondo na Cheo Chake

Jirani yangu muuza makayabo, samaki wa chumvi, amepata paka, na mtaa wetu hapa Kabondo, Kisangani, umegeuka kamati ya majina. Kazi hiyo tunaiweza. Mji huu uliacha kuitwa Stanleyville mwaka 1966, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na mwaka 1972 Mobutu akafuta majina ya ubatizo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akawa Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Mashimo ya barabarani tu ndiyo hayajabadilika hata kidogo.

Kijana mmoja alitaka aitwe Chui, kwa heshima ya ile kofia ya ngozi ya chui ya Mobutu. Tukamtazama yule paka, mbavu nje, sikio limetafunwa. Hapana.

Papa wa nyumba ya pili akasema: “Mheshimiwa. Analala mchana kutwa, anakula asichokitafuta, ukimwita haitiki.” Likapita bila kura.

Mwenye paka akachukia. “Papa, huyu amekamata panya wawili tangu Jumatatu. Usimtukane.”

Jina likafutwa. Wakati tunabishana, kipande cha makayabo kikatoweka mezani. Likarudishwa.