Sifa za Tope la Eastlands

Mei mwaka jana, nikitoka mlangoni kwenda kuchuma mboga, safari ya hatua tisa, tope lilinivua slipa ya mguu wa kushoto. Sisemi lilininyang'anya. Lilinivua polepole na kwa adabu, kama mwenyeji anayempokea mgeni mzigo. Nilivuta mguu, mguu ukaja peke yake. Nilipoingiza mkono kuitafuta slipa, shimo lilikuwa limeshajifunga, maji yametulia juu yake kama hakuna lililotokea. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo wa pale uwanja wa Nyayo, sukuma wiki mbele yangu, nyumba nyuma yangu, na jirani dirishani akiuliza kama nahitaji kamba.

Tangu siku hiyo watu wananitazamia nilitukane tope. Sitalitukana. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na katika mitaa ya Eastlands sijaona aliyenyongwa kuliko tope. Mvua imesifiwa. Mwezi umesifiwa mpaka umechoka. Hata chang'aa ina watu wanaoisifu kila jioni, kwa sauti, barabarani. Tope halina mshairi wala wakili. Leo nalisimamia mimi, bila malipo, ingawa nalidai slipa.

Anayesifiwa huanzwa kwa ukoo. Baba wa tope letu ni mvua. Mama yake ni ule udongo mweusi unaoanzia mashariki ya mji na kutandaa hadi mbuga za Athi. Mafundi wa ujenzi huuita blakikotoni, jina lenye asili ya India, ambako udongo wa namna hii katika uwanda wa Deccan ulisifika kwa kuotesha pamba. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Maji yalikuwapo, udongo ulikuwapo, kilichozaliwa hapo huhitaji kuambiwa. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika mwaka 1899 na kutua kwenye tambarare hii yenye majimaji, tope ndilo lililoipokea. Kwa hiyo tuongee kwa heshima: mjini humu sote tu wapangaji, na mwenye ploti ni lenyewe.

Mji ulipogawanywa, wakoloni walijichagulia vilima vya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu ambao maji hupita na kwenda zake. Waafrika wakaelekezwa upande wa pili: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Uhuru ulipokuja, Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole na Komarock zikafuata njia ile ile, kuelekea mashariki, kuelekea tope. Ukitaka kujua nani alipewa nini Nairobi, usijisumbue na mafaili ya serikali. Siku ya mvua, simama katikati ya mji saa mbili asubuhi, utazame rangi ya viatu.

Na viatu havisemi uongo. Mume akirudi saa nne usiku akidai alikuwa zamu ya ziada kiwandani huko Lunga Lunga, mkewe habishani naye. Anawasha taa, anainama, anatazama soli. Tope jeusi, mtu alikuwa huku huku. Tope jekundu, chakula kinafunikwa na kikao kinaanza. Mahakama ngapi zina shahidi wa namna hii, asiyehongwa, asiyetishwa, anayekuja mwenyewe amening'inia kwenye ushahidi?

Tuje kwenye elimu yake. Udongo huu una chembe za mfinyanzi ambazo zikinywa maji huvimba na zikikauka hunywea. Ndiyo maana mwezi wa Machi, kiangazi kinapokaribia kwisha, ardhi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Vumbi la juu, majani makavu, vifuniko vya soda, vyote huangukia humo. Mvua ikinyesha, ufa hujifunga juu ya vilivyomo, na udongo wa chini, kwa kukosa nafasi, husukumwa kuja juu. Mwaka baada ya mwaka cha juu huenda chini, cha chini huja juu, hata mawe hupanda. Wataalamu wameupa jina vatisoli, kutoka neno la Kilatini la kugeuza. Kwa lugha yetu, ni udongo unaojilima. Mkulima mwingine wa Eastlands asiyedai kibarua, asiyeomba chai ya saa nne, mimi simjui.

Una masharti yake, lakini. Ukiulima ukiwa mkavu, jembe linaruka na kukurudia usoni. Ukiulima ukiwa umelowa, jembe linabaki huko. Kati ya jiwe na uji kuna siku chache tu, na zikikupita utangoja mvua za vuli. Shosho wa nyumba ya nyuma huzijua siku hizo bila simu wala redio. Huokota donge, akalifinya. Likimwachia unga, bado. Likimshika vidole, tumechelewa. Likivunjika vipande vipande kama chapati ya jana, hugonga mlango wangu kwa fimbo.

"Wacha hiyo chai, kijana wangu. Shika jembe."

Mimi nina cheti cha chuo ukutani, lakini sikuwahi kufundishwa saa kwa ukali namna hiyo.

Sasa hivi ni Machi, na tope halipo. Ndipo mtu anajua thamani yake. Bomba linakohoa hewa. Mtungi wa lita ishirini unabebwa kama mtoto mchanga. Maji yaliyoosha mchele yanaosha sukuma, yaliyoosha sukuma yanaosha vyombo vya asubuhi, na yakishachoka kabisa yanapelekwa kwa managu, ambayo haina kinyaa. Kwa mama mboga fungu la sukuma linakonda huku bei yake ikinenepa. Huku kwangu nyufa zinakata mizizi kama uzi, na sukuma zilizobaki zina majani mawili mawili juu ya shina refu, kama minazi iliyopotea njia. Vumbi limeingia kwenye sukari. Mtaa mzima unatazama upande wa Ukambani, mawingu yanakotokea, na watu wazima wenye akili timamu wanaomba waletewe tope kwa kuliita jina la baba yake.

Shosho haombi tu, anajiandaa. Amenifundisha kuchanganya samadi ya mbuzi kwenye matuta, kuyainua matuta juu ili mvua ikija mizizi isizame, na kutandaza nyasi kavu ili jua lisiupasue udongo zaidi. Kunde na terere tunazipanda ardhi ikiwa kavu, kabla ya tone la kwanza. Si ushujaa. Mvua ikishashika, bustani haimruhusu mtu kuingia, na nani anajua hilo kuliko mguu wangu wa kushoto?

Fadhila nyingine ni usawa. Nimeona kwa macho yangu Prado na mkokoteni wa maji vimekwama bega kwa bega, na wa mkokoteni akatoka kwanza, kwa kuwa ana marafiki. Mwenye Prado alifungua kioo akauliza meneja wa barabara ni nani. Hakuna aliyemjibu, maana kila mtu alikuwa akisukuma mkokoteni.

Ajira nayo? Asubuhi ya mvua, vijana hujipanga steji na ndoo na brashi, viatu vinaoshwa mguuni kabla hujapanda matatu, ili ofisini waamini unatoka kwingine. Wenye mgongo imara huvusha watu dimbwini kwa mbao, yaani shilingi ishirini, na mwanamke mnene haongezewi nauli, hiyo ni adabu ya kazi. Wauza gambuti hutabasamu tangu Aprili hadi Juni. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017 kulikuwa na njia ya mkato: tulifunga viatu kwa karatasi za nailoni, moja kila mguu, tukaenda steji tukichakarika kama pakiti za krispi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo, mito ilipumua, na tope likakutana na soli zetu bila pazia.

Usisahau siasa. Bila tope mgombea angeahidi nini huku kwetu? Uchaguzi ukikaribia huja greda, likakwaruza, likasambaza maramu, likapigwa picha na mheshimiwa akiwa amevaa gambuti mpya zenye bei bado kwenye soli. Masika ikishuka, maramu inazama pole pole kama slipa yangu, na ahadi inabaki mbichi kabisa, tayari kutumika miaka mitano ijayo. Lami ingeiua ahadi hiyo mara moja. Tope huitunza isiharibike.

Najua wapo watakaosema linapasua nyumba. Ni kweli, linapasua. Lakini fundi yeyote wa huku atakuambia udongo huu huchimbwa na kuondolewa wote mpaka kwenye ardhi ngumu, ndipo msingi uwekwe. Aliyeruka hatua hiyo ili abaki na pesa ya rangi amepewa stakabadhi yake ukutani, kuanzia pembe ya dirisha hadi darini, na kila kiangazi inaongezwa sahihi.

Watasema pia mafuriko. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua watu na kubomoa nyumba kando ya mito ya mji huu, na hapo sina utani. Ila tuseme lililo haki. Udongo huu hunywa mvua za kwanza kwa nyufa zake, kisha hushiba, hujifunga, na maji yanayofuata husimama au kwenda. Ndivyo ulivyofanya kabla ya reli, na haujawahi kuficha tabia yake. Waliouza vipande vya kingo za mto waliijua. Walionunua hawakuwa na pengine pa kwenda. Mitaro iliyozibwa kwa taka haikuzibwa na mfinyanzi. Tukimaliza kuwashtaki wote hao, tope tutalishtaki mwisho, na nadhani litakuja mahakamani kwa miguu yetu.

Siku hizi adui yake ni kabro. Jirani yangu wa mbele ametandika kabro kuanzia getini hadi ukutani, hakuna hata pa kuchomeka kitunguu. Viatu vyake vinang'aa mwaka mzima. Mvua ikinyesha, maji yake yote yanakuja kwangu, nami nayapokea, maana yanakuja na vumbi lake, majani ya mti wake na mbolea ya mbwa wake. Kisha jioni mtoto wake anatumwa kwangu.

"Mama anauliza kama kuna managu."

Ipo. Huwa ipo. Jirani hulipia kwa kuniuliza tena kuhusu kamba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikitayarisha tuta la mwisho. Shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda chake upande wa kivuli, akisimamia. Kati ya sukuma mbili zilizonyauka kulikuwa na ufa mpya, mpana kama kiganja, na ndani yake, chini kidogo tu ya uso wa ardhi, palikuwa na ukingo wa kitu cha buluu. Nikapiga magoti. Ilikuwa imesimama wima, ncha ikielekea juu, kama mtu aliyebakiza ngazi moja afike. Nikaivuta. Safari hii haikubishana. Nikaikung'uta, vumbi jeusi likamwagika, kamba zake nzima, kisigino kimeliwa pale pale nilipokuwa nimekila mwenyewe. Nikaivaa. Ilinitosha.

"Ulifikiria imeliwa?" Shosho akaniuliza. "Udongo ulikuwa umekuwekea."

Akanyamaza kidogo, akitazama miguu yangu, mmoja ukiwa na slipa, mwingine mtupu.

"Na ile ingine iko wapi?"

Ile nyingine, ya kulia, niliitupa mwezi wa Juni, kwa hasira, nikitangaza mtaa mzima usikie kwamba tope la Eastlands halina uaminifu.