Heko, Mla Piza wa Vang Vieng

Nampa heko mtalii anayesafiri nusu dunia mpaka Vang Vieng, Laos, akajilaza kwenye matakia, akaagiza piza na kutazama vichekesho vya Friends, vile vile alivyovimaliza kwao. Huyo ndiye msafiri makini. Mtu wa busara huenda harusini na kontena lake la chakula. Laap, kitoweo cha huko, ya nini? Nyama imekatwakatwa, ikatiwa ndimu, mnanaa na unga wa mchele uliokaangwa. Ladha zote hizo kwa mpigo, tumbo halikuarifiwa! Wali wa kunata nao huletwa ndani ya kikapu cha mwanzi, mtalii afinyange tonge kwa vidole. Sasa simu ataishika kwa mkono upi? Wenyeji, watu waungwana, humpelekea piza, kisha hurudi jikoni kutwanga papai bichi na pilipili. Akifika kwao atatoa nyota tano: chakula cha Laos, safi kabisa.