Kizuizi cha Kati ya Lodwar na Kakuma

Katika barabara kuu ya A1, ipitayo Kitale, Lodwar na Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini, polisi wa doria wamekabidhiwa kazi mbili ambazo wataalamu wa utawala wangezitenganisha: kumlinda msafiri dhidi ya majambazi wenye bunduki, na kumkagua msafiri huyohuyo kana kwamba bunduki anayo yeye. Kazi ya kwanza ilizaa msafara, yaani utaratibu wa magari kusubiriana ili yasindikizwe na askari, na hakuna abiria mwenye akili timamu aliyeudharau. Kazi ya pili ndiyo iliyostawi. Kwenye kizuizi, yaani misumari iliyolazwa juu ya lami, kondakta wa matatu hushuka kabla ya kuitwa, noti ikiwa imekunjwa ndani ya leseni, naye afisa, kwa adabu ya kupigiwa mfano, huirudisha leseni ikiwa nyepesi kidogo. Mkimbizi wa Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, huongezewa swali la kibali cha kusafiri, ile karatasi inayomruhusu kutoka kambini, ambayo kasoro zake huonekana vyema zaidi jua likiwa utosini. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikiwataja polisi miongoni mwa vinara wa hongo katika tafiti zake, jambo ambalo pengine ni kuwaonea, kwa kuwa huduma hii haina fomu, haihitaji miadi, na hutolewa hata Jumapili.