Mheshimiwa Waziri, Naomba Nihesabiwe Kama Pweza

Charambe, Mbagala,
Wilaya ya Temeke,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira,
Dodoma.

YAH: OMBI LA UTARATIBU RASMI WA KUUGUA KISIWANI

Shikamoo, Mheshimiwa. Sijui kati yetu nani alitangulia kuzaliwa, lakini cheo nacho kina umri wake, na mwenye shida hapungukiwi kitu akiamkia.

Mada tajwa hapo juu yahusika. Mimi ni karani wa mizani. Mwajiri wangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado namdai mshahara, ana ofisi yenye kiyoyozi upande wa Kinondoni na banda la kununulia pweza kwenye kisiwa kidogo kimoja jirani na Mafia. Baada ya usaili ilionekana kiyoyozi kina watu wa kutosha, mimi nikapangiwa pweza. Nikapanda basi Rangi Tatu, tukapita Mkuranga, tukaacha lami pale Bungu kwenda Nyamisati, nikavuka kwa boti hadi Kilindoni, kisha mashua ikanimalizia safari. Ndege ipo, tena ni mwendo wa kama nusu saa kutoka Dar es Salaam, lakini hiyo hupandwa na wageni wanaokwenda kuogelea na papa potwe, si na wanaokwenda kupima pweza.

Kazi yenyewe siisemi vibaya. Bamvua likiingia na maji yakapwa sana, kina mama na vijana wanashuka mwambani, wanarudi na pweza. Mimi napima, naandika, nalipa. Tatizo ni kwamba katika mkataba wangu tulisahau kukubaliana lini nitaumwa.

Siandiki kulalamika, Mheshimiwa. Tumeshaambiwa kwamba vijana wa siku hizi tunalalamika sana. Naandika kwa sababu ya wivu. Namwonea wivu pweza.

Pweza akishatoka kwenye mizani yangu analazwa kwenye barafu. Anaandikwa kilo zake na tarehe yake. Boti inamfuata, na nahodha anajua kwamba akichelewa atajieleza. Akifika kiwandani anakaguliwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Na kabla hajapanda kontena kwenda Ulaya, kwa Wareno na Wahispania na Waitaliano wanaompenda, anakatiwa cheti cha afya na mamlaka ya serikali. Yeye aliyekwisha kufa ana cheti cha afya, na mimi niliye hai nadai mshahara kwa kukosa changu.

Ilikuwa hivi. Homa yangu haikusoma kalenda ya kampuni, ikaja maji mafu. Maji yakiwa mafu mwamba haujitokezi, pweza hawavuliwi, na boti haina sababu ya kuja. Nilitetemeka mchana wa jua kali mpaka meza ya mizani ikawa inasoma uzito wa wasiwasi wangu. Kisanduku chetu cha huduma ya kwanza, ambacho sheria inataka kiwepo na kweli kipo, kilikuwa na bandeji moja na ufunguo wa injini iliyokwisha uzwa. Nesi wa zahanati akanitoboa kidole, kipimo kikatoa jibu la malaria, akanipa dawa ya mseto. Nikameza, nikaitapika. Nikameza tena, nikaitapika tena. Nesi akasema hili si la vidonge, huyu anahitaji sindano, maabara na kitanda. Avushwe leo hii, apelekwe hospitali ya wilaya.

Nikampigia msimamizi ofisini kuomba pesa ya petroli ya mashua. Akanisikiliza kwa utulivu wa mtu aliye kwenye kiyoyozi, kisha akaniuliza: "Kuna mzigo?"

Nikamjibu mzigo ni mimi.

Akasema: "Basi vumilia, bamvua si mbali."

Mgonjwa ana muda wa kusoma, na kwenye simu yangu nilikuwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nikafungua kifungu cha 32. Mheshimiwa, kile kifungu ni kitamu! Mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nilipozisoma siku zote hizo nilihisi nafuu, nikatamani niugue zaidi nisije nikaonekana nadharau ukarimu wa Bunge.

Kisha nikasoma sharti lake. Siku hizo hulipwa ukiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Daktari yuko ng'ambo. Ng'ambo hufikiwa kwa mashua. Mashua hunywa petroli. Petroli hununuliwa kwa mshahara. Na mshahara wa mgonjwa hulipwa kwa cheti cha daktari, ambaye yuko ng'ambo. Nikaizunguka hoja hiyo usiku kucha nikitafuta mlango wake, na nakiri kwamba kwa mtu mwenye homa ya kichwa ni mazoezi mazito.

Nikaendelea hadi kifungu cha 43, hapo nikakaa kitako. Kinasema mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na vitu vyake hadi alikoajiriwa, au amlipe gharama ya safari hiyo. Yaani sheria ile ile inayonipa siku 126 za kuumwa bila chombo cha kunifikisha kwa daktari, inanipa chombo, mimi na godoro langu, siku nitakapofukuzwa! Dawa yangu ikawa wazi: nifukuzwe haraka, nisafirishwe kwa heshima hadi Dar es Salaam, nitibiwe, kisha niombe kazi upya. Nilimtumia msimamizi ujumbe wa pendekezo hilo. Akajibu kwamba kwa sasa kampuni imeridhika na utendaji wangu.

Nikageukia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni mfuko mzuri. Hugharamia ajali na maradhi yanayotokana na kazi. Kwa hiyo ningetakiwa kuthibitisha kwamba yule mbu aliniuma nikiwa kwenye majukumu. Kumbukumbu zangu zinaonyesha aliniuma usiku, nimelala, bandani mwa kampuni, nikilinda mizani ya kampuni. Kama huo ni muda wangu binafsi, naomba nielezwe nilikuwa binafsi kwa nani.

Jirani yangu mmoja kisiwani, mama wa makamo mwenye akili nyingi, akaniambia: "Mwanangu, piga 115." Namba hiyo ni ya bure, ni ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito akipata dharura, au aliyejifungua, au mtoto mchanga, simu moja inamtafutia gari la wagonjwa, na lisipopatikana linatafutwa gari la dereva wa hapo hapo mtaani aliyekwisha sajiliwa, na nauli hadaiwi yeye. Hapa sifanyi kejeli, Mheshimiwa: huo ni mpango wa watu waliofikiri. Walijua kwamba hospitali bila usafiri ni jengo tu. Nilijitazama kwa muda mrefu kama naweza kupita kwa mjamzito. Tumbo ninalo kidogo, la ugali. Ndevu ndizo zilizonikwamisha.

Wako watakaosema bahari ni ngumu, visiwa ni mbali, tusidai makuu. Nawajibu kwa historia ya maji haya haya. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha mitambo yake ikaugua. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji, upande wa pili wa mkondo wa Mafia. Mgonjwa yule wa chuma hakuambiwa avumilie bamvua. Vipande vya boila vilifunguliwa, vikakokotwa kwa nchi kavu na vibarua wa Kiafrika hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudishwa. Hiyo ni rufaa, Mheshimiwa, kwenda na kurudi, bila lami wala simu ya mkononi, vita ikiendelea. Na Waingereza walipoamua kuimaliza meli hiyo Julai 1915, walirusha ndege kutoka Mafia kuelekeza mizinga yao. Kwa hiyo mwambao huu umejua kwa zaidi ya miaka 100 jinsi ya kusafirisha kilichoharibika. Waliokokota boila walikuwa vibarua, na kazi yao yote tunaikumbuka kwa jina la meli.

Wala hatuwezi kusema serikali haioni mbali kiasi hicho. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia kiko kilomita ngapi kutoka pwani, kinakwenda kasi gani na kitafika lini. Nchi iliyoweza kuujua upepo ulipo saa kwa saa haishindwi kujua mwajiri gani amemweka mtu kisiwa gani, na mtu huyo atatokaje.

Mwisho nilivushwa na wavuvi. Walichanga petroli wao kwa wao, kila mtu alichonacho, na nahodha hakuuliza kuhusu mzigo. Aliuliza kama nitaweza kukaa au wanitandikie nilale. Hospitali ikanitundikia dripu, ikanitibu, daktari akaniandikia ED, yaani cheti cha mapumziko ya ugonjwa, yenye jina, sahihi na mhuri. Nikarudi Charambe kupata nguvu, mke wangu akaninywesha uji, na miguu iliposhika ardhi nikapanda daladala kwenda Kinondoni kuikabidhi. Foleni ya siku hiyo ilikuwa ya kutosha ndege ya watalii iende Mafia na kurudi, na papa watazamwe.

Ofisa akaipokea ED yangu kwa vidole viwili. Akasema haitambuliki, kwa sababu kampuni ina orodha ya hospitali zake. Nikaomba kuiona. Hospitali zote zilikuwa upande ule ule wa jiji wenye ofisi, ambako mimi kama mpima pweza sina kazi yoyote. Nikamwonyesha sheria: cheti cha daktari aliyesajiliwa kinatosha, na hata cha mtaalamu mwingine wa tiba mwajiri hapaswi kukikataa bila sababu ya msingi. Akasema sababu ya msingi ni orodha. Kuhusu petroli akasema atairudisha mara moja, nikimletea risiti ya EFD. Mheshimiwa, nimewauliza wavuvi. Mashine hawana.

Kwa unyenyekevu, basi, naomba yafuatayo:

Kwanza, wakati marekebisho ya sheria yakisubiriwa, wafanyakazi wa visiwani tuhesabiwe kama pweza. Tuandikwe kilo na tarehe, tuwekewe boti, na achelewaye kutufuata ajieleze. Barafu si lazima.

Pili, kwenye kile kifungu kitamu cha siku 126 uongezwe mstari mmoja: mwajiri aliyempeleka mtu mahali pasipo daktari ndiye atakayemfikisha kwa daktari anapougua, kwa gharama yake, siku hiyo hiyo, mzigo uwepo au usiwepo. Kama kumrudisha aliyefukuzwa kumewezekana kuandikwa kwenye sheria tangu 2004, kumvusha anayetapika hakuwezi kuwa ndoto.

Tatu, maandishi ya nesi au tabibu wa zahanati yatosheleze mpaka mgonjwa amfikie daktari. Na mwajiri mwenye orodha ya hospitali aelezwe wazi kwamba orodha yake haiwezi kuwa na nguvu kuliko Bunge.

Nne, kabla mtu hajapandishwa boti Nyamisati kwenda kufanya kazi kisiwani, mwajiri awasilishe kwa mkaguzi wa kazi jina la kisiwa, jina la nahodha, na kiasi cha petroli kilichotengwa kwa ajili ya binadamu. Karatasi tunaziweza, tumewakatia hata pweza.

Tano, kama yote hayo ni mazito, basi naomba kibali cha kufukuzwa kazi kila nipatapo homa na kuajiriwa upya nikipona. Nitasaini nikiwa nimelala.

Najua nitajibiwa kwamba mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi. Naujua, na nitaupitia kudai mshahara wangu. Lakini tume hukaa baada ya jambo kutokea, na huko kisiwani wenzangu wengi ni vibarua wa siku kwa siku, hawana mkataba wa kupeleka mezani kwake. Mtu anayetetemeka maji mafu hahitaji kushinda kesi mwezi wa tatu. Anahitaji lita kadhaa za petroli kabla jua halijazama. Kwa sasa lita hizo zinatolewa na wavuvi, watu ambao sheria haiwadai chochote, kwa niaba ya kampuni ambayo sheria ingeweza kuidai na haijaidai. Huo ndio utaratibu tulio nao, Mheshimiwa, na unafanya kazi kwa sababu tu maskini hawajaanza kuuliza kama kuna mzigo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Mizani.

Nakala:
Msimamizi, Kinondoni: kwa taarifa, na kwa bamvua lijalo.
Mke wangu, Charambe: badala ya matumizi ya mwezi.
Wavuvi, kisiwani: kwa deni la petroli, ninalolitambua bila risiti.