Kamba ya Barieri Haichakai

Kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ni zaidi ya kilomita 50 za Barabara ya Taifa namba 2, na kitu kinachotunzwa humo kuliko vyote ni kamba ya barieri ya ushuru. Mvua ikinyesha, lori hunasa topeni na ndizi zikaiva humo humo. Kamba ikikatika, hufungwa upya kabla motari, dereva wa pikipiki, hajapata gia. Basi ufundi wa matengenezo tunao, tumekosea tu pa kuutumia. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, uliundwa mwaka 2008 ili pesa za njiani zirudi njiani. Wakati huohuo wafanyabiashara wa Butembo wamezoea tangu enzi za Mobutu kuchanga na kulima barabara wenyewe, na raia hushika majembe ya salongo, yaani kazi ya jumuiya. Mtu hulipa kwa noti, kisha hulipa tena kwa jasho.

Wapo watakaosema kikwazo ni vita. Ni kweli, watu wameuawa kwenye njia hii, na hilo halina mzaha. Ila vita hivyo hivyo havimzuii mtoza ushuru kuwahi kazini. Wengine watasema raia ndio wanaoziba mitaro kwa taka. Nao wana haki. Lakini anayedai pesa ya usafi ndiye wa kwanza kuulizwa pipa liko wapi. Hesabu ya wiki ibandikwe pale pale barierini, pamoja na jina la shimo lililofukiwa. Jina hilo likikosekana, tuhamishie soko na baraza la mtaa hapo: ndipo mahali pekee pa umma penye mhudumu usiku na mchana.