Hongera, Mkutubi

Bwana mkubwa, hongera. Calibre, programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, sasa inakufanyia kila kitu: kitabu kikitua tu kwenye folda, inakidaka, inakigeuza kutoka MOBI kuwa EPUB na kukiweka chini ya jina la mwandishi. Ni kweli, Shaaban Robert amegawanyika kuwa watu wawili, yeye na Robert Shaaban, kila mmoja na folda yake. Na PDF zako, baada ya kugeuzwa, zimetoka na namba za kurasa katikati ya sentensi. Lakini ungejuaje? Hayo huonwa na wasomaji. Wewe ni mkutubi wa kisasa, asiye na vumbi wala habari. Nasikia unaandika skripti nyingine, ya kufanya kazi usiku ukiwa umelala. Basi iambie ivisome vitabu pia.